Kabla ya kulaumu busole, zungusha boti

Kwenye bandari ndogo za Mto Lualaba, upande wa Kasongo, boti ya mbao inapakiwa jinsi nyumba inavyohamishwa: hakuna kinachobaki. Chini kuna magunia ya mchele na ya mihogo. Juu yake mabati, mapipa ya mazuti, sufuria, baiskeli, pikipiki moja au mbili, jenereta ya mfanyabiashara, halafu watu. Nyuma kuna injini. Mbele, karibu na nahodha, kuna betri ya taa na kipaza sauti cha muziki. Juu ya kipaza sauti imelazwa simu, na ndani ya simu kuna busole.

Busole hiyo inaonyesha kaskazini. Inaonyesha kwa rangi nzuri, kwa mshale mwekundu na namba zinazobadilika kila sekunde. Lakini simu ikiwa imelala juu ya sumaku ya kipaza sauti, kaskazini hiyo haina uhusiano wowote na kaskazini ya dunia. Simu haikuharibika, na wala kampuni iliyoitengeneza haikudanganya. Kipimo kimefanya kazi yake vizuri kabisa: kimepima sumaku iliyo karibu zaidi, na sumaku hiyo ni ya muziki.

Katika teritwari za Kasongo na Kabambare, busole ya elektroniki imeingia kimyakimya. Karibu hakuna mtu aliyeinunua kama busole. Ilikuja ndani ya simu, ndani ya tableti ya shirika la misaada, ndani ya GPS ya mkononi ya watu wa madini, ndani ya chombo cha ramani ambacho wenye boti kubwa wanafunga karibu na usukani. Imekuja bila mwalimu. Watu wamejifunza kuisoma, na wengi hawajafundishwa kuisawazisha. Tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kuwa boti juu ya mwamba, gari mbele ya barieri ya watu wenye silaha, au mpaka wa shamba uliosogea mita mia moja na zaidi ndani ya shamba la jirani. Na dawa yake haina bei. Inataka dakika kumi.

Kwanza ni lazima kuelewa kinachotokea ndani. Busole ya zamani ilikuwa na sindano inayozunguka yenyewe. Ya elektroniki haina sindano. Ina kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kinachopima nguvu ya sumaku kwa pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kutokana na vipimo hivyo vitatu programu inapiga hesabu na kuchora mshale. Shida ni kwamba dunia ni sumaku dhaifu. Juu ya ardhi nguvu yake ni kati ya mikrotesla 25 na 65 hivi, kutegemea mahali. Sumaku ndogo inayofunga kifuniko cha ngozi cha simu, ukiikaribia, inaweza kupita nguvu hiyo mara mia. Kipimo hakina namna ya kujua ipi ni ya dunia na ipi ni ya kifuniko.

Chuma kinasumbua kwa njia mbili. Kuna vitu vyenye sumaku yao wenyewe, kama kipaza sauti, mota ya kuwashia injini, au kipande cha chuma kilichopigwa nyundo na kupata sumaku siku nyingi zilizopita. Hivi vinavuta busole kwa nguvu ileile siku zote, na boti ikigeuka navyo vinageuka nayo. Halafu kuna chuma cha kawaida, mabati na mapipa, ambacho hakina sumaku ya kwake lakini kinapinda ile ya dunia inapopita. Hiki ndicho kigumu zaidi, kwa sababu upotofu wake unabadilika kulingana na upande ambao pua ya boti inaelekea. Busole inaweza kuwa sahihi boti ikielekea Kibombo, na ikakosea nyuzi ishirini boti hiyohiyo ikirudi.

Mfugaji yeyote atafahamu kusawazisha kunafanya nini. Fikiria mbuzi aliyefungwa kwa kamba kwenye kigingi. Akizunguka kamba ikiwa imekaza, nyayo zake zinachora duara, na kigingi kiko katikati. Busole ikizungushwa, vipimo vyake navyo vinachora duara, na katikati yake panapaswa kuwa sifuri. Weka kipaza sauti karibu, na ni kama mtu amekuja usiku akahamisha kigingi: duara lipo, lakini limesogea. Weka mabati karibu, na duara lenyewe linakuwa kama yai. Kusawazisha ni kuizungusha busole pande zote ili programu ione umbo zima, ijue kigingi kimehamia wapi, kisha iondoe kosa hilo katika kila kipimo kinachofuata. Ndiyo sababu haiwezekani kuisawazisha kwa kubonyeza kitufe na kusubiri. Mbuzi aliyelala haonyeshi kigingi kiko wapi.

Kutoka hapo linakuja jambo ambalo hata watu waliosoma hulikosea. Wengi wanajua kwamba simu inataka ichezeshwe hewani kwa umbo la namba nane, mara kadhaa, huku ikigeuzwa juu na chini. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini nahodha anayefanya hivyo akiwa amesimama kwenye mchanga wa bandari, kisha akaingia botini na kuilaza simu karibu na betri, amesawazisha busole ya mchangani. Chuma cha boti hakikuwepo wakati programu ilipokuwa inatafuta kigingi. Busole inasawazishwa mahali itakapofanyia kazi, na vyuma vyote vikiwa mahali vitakapokaa safarini.

Kwa boti maana yake ni hii. Chombo kifungwe imara, kisiwe cha kuhamahama, na kiwe mbali iwezekanavyo na betri, injini na kipaza sauti. Umbali unasaidia sana: nguvu ya sumaku ndogo inashuka upesi, kiasi kwamba ukiongeza umbali mara mbili inabaki sehemu moja ya nane hivi. Mzigo upakiwe kwanza. Injini iwake, taa ziwashwe kama zitakavyokuwa usiku, kwa sababu waya unaopitisha umeme nao unazaa sumaku. Halafu boti iondoke kwenye gati, ifike maji matulivu mbali na boti za chuma, na izunguke polepole, kama dakika mbili kwa duara moja, duara mbili bila kusimama. Vyombo vingi vinavyofungwa kwenye boti duniani vinataka kitu kama hicho. Mkondo wa Lualaba utaisukuma boti wakati inazunguka, na hilo halina neno. Kinachohesabika ni pua kupita pande zote za dunia. Siku ikibadilika aina ya mzigo, magunia yakishuka na mabati yakapanda, inafaa kuzunguka tena.

Abiria watacheka au watalalamika kwamba mafuta yanapotea. Waache wacheke. Mafuta ya duara mbili ni kidogo kuliko mafuta ya kurudi kutafuta mfereji uliopitwa.

Tatizo hili ni la zamani kuliko simu. Wazungu walipoanza kujenga meli za chuma katika karne ya 19, busole zao zilipotea akili, na meli zikapanda miamba manahodha wakiapa kwamba walifuata njia. Mwaka 1838 huko Uingereza, mtaalamu wa nyota George Airy alipewa meli ya chuma iliyoitwa Rainbow. Aliizungusha, akapima busole ilikosea kiasi gani katika kila upande, kisha akaweka sumaku na vipande vya chuma karibu na busole ili kufuta kosa hilo. Tangu wakati huo, kuizungusha meli ili kurekebisha busole ni kazi ya kawaida bandarini. Programu ya simu inafanya hesabu ya namna ileile ya Airy, ila sasa kwa sekunde chache. Kilichobaki kwa binadamu ni kuzungusha tu.

Kuna wanaosema: mto una njia moja, busole ya nini? Mto unapanda na kushuka, nahodha aliyezaliwa ukingoni anajua kila mti, kila kisiwa na kila mahali maji yanapobadilisha rangi. Hoja hiyo ina nguvu na isipuuzwe. Mchana, kati ya Kasongo na Kibombo, hakuna busole ya duniani itakayomshinda mzee aliyeanza kupiga kasia akiwa na miaka kumi. Lakini ukungu wa asubuhi unafuta miti. Usiku unafuta rangi ya maji. Serikali imekataza mara nyingi safari za usiku kwenye mito na maziwa ya nchi, na kila mtu anajua boti zinaendelea kuondoka jioni, kwa sababu za joto, za biashara na za kukwepa watu wa ushuru. Busole mbovu katika giza ni mbaya kuliko kukosa busole, kwa kuwa asiye nayo anapunguza mwendo na kusikiliza maji. Mwenye busole mbovu ana uhakika, na anaongeza moto.

Kuna na kosa lingine la mtoni, nalo si la sumaku hata kidogo. Chombo cha GPS kinaonyesha boti inakwenda wapi. Busole inaonyesha pua inaelekea wapi. Hayo ni mambo mawili. Boti inayokatiza Lualaba huku mkondo ukiisukuma inaweza kuwa na pua mashariki na mwili wote ukielekea kaskazini-mashariki. Zaidi ya hapo, GPS peke yake haiwezi kujua upande wa pua boti ikiwa imesimama: inajua mahali, na inapata mwelekeo kwa kulinganisha mahali pa sasa na pa sekunde iliyopita. Injini ikizimika katikati ya mto usiku, mshale unaobaki kwenye kioo unategemea busole. Hapo ndipo ile iliyosawazishwa inapotofautiana na ile iliyolazwa juu ya muziki.

Kwa watu wa Kabambare, maji makubwa yako upande mwingine. Wafanyabiashara wao wengi wanashuka mashariki kupitia Fizi hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina urefu wa karibu kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, na usiku wa mawingu ukingo hauonekani. Kosa la nyuzi kumi, ambalo ni dogo kwa busole isiyosawazishwa, likiendelea kwa kilomita 50 linaitupa boti karibu kilomita 9 mbali na mahali ilipotaka kufika. Katika ziwa lenye nchi nne pembeni yake, kilomita 9 ni nyingi kwa boti yenye mafuta ya kubahatisha.

Barabarani hali ni tofauti, na ukweli usemwe: dereva kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare hapotei kwa sababu ya busole. Anakwama kwa sababu ya matope, na kwa matope hakuna programu. Lakini wale wanaoacha barabara kubwa kwenda vijijini, watu wa chanjo, wa misaada, wa utafiti wa madini, mara nyingi wanafuata mshale kwenye ramani ya tableti. Gari likitembea, mshale unaongozwa na GPS na unakuwa sawa. Gari likisimama kwenye njia panda, dereva na wenzake wakijadiliana, programu nyingi zinarudi kwenye busole. Na busole iko wapi? Juu ya dashibodi ya jipu, katikati ya mwili mzima wa chuma, karibu na kipaza sauti cha mlango na redio ya mawasiliano. Mshale unageuka wenyewe gari likiwa limesimama. Dereva anafuata mshale.

Katika Kabambare, kuchukua njia isiyo yake si hasara ya saa moja tu. Ni teritwari ambayo makundi yenye silaha yamekuwa yakiendesha barieri kwa miaka mingi, hasa kuzunguka machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila na Namoya. Timu inayofika kijiji ambacho haikutangaza itafika inaulizwa maswali, na maswali hayo hayaulizwi kwa upole siku zote.

Kwa gari, dawa ni rahisi. Kama chombo kimefungwa kwenye gari, kisawazishwe kwenye gari: kiwanja tambarare kama uwanja wa mpira (si siku ya mechi), mbali na nyumba za mabati na nguzo za chuma, duara mbili za polepole. Kama ni simu au tableti tu, ni afadhali kushuka, kutembea mita tano au sita mbali na gari, kuichezesha kwa umbo la nane, kusoma upande, kukumbuka mti au kilima kilicho upande huo, ndipo kurudi ndani. Motari mwenye simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki afanye vivyo hivyo.

Kabla ya yote, mtu ajue kama simu yake ina busole. Simu nyingi za bei ya chini hazina kile kipande cha kupima sumaku. Mwenye simu anapakua programu ya busole, programu inafunguka, inachora mshale mzuri, na mshale huo hautokani na kitu chochote. Kuichezesha simu ya namna hiyo kwa umbo la nane ni kumpungia mkono mtu aliyekwisha ondoka. Jaribio lake ni jepesi: simama mahali pamoja, geuka polepole duara zima ukiwa na simu mkononi. Kama namba hazifuati mgeuko wako, au zinabadilika tu unapotembea, hakuna busole humo.

Wengine huona hii ni habari ya wenye boti na magari, lakini huenda gumzo kubwa zaidi liko kwenye ardhi. Sheria ya madini ya Kongo imegawa nchi katika vipande vinavyoitwa kare za madini. Kila kimoja kina hekta 84.955, na pande zake zinafuata kaskazini-kusini na mashariki-magharibi ya kweli. Upande mmoja ni kama mita 922. Pembe za kare zinajulikana kwa namba za GPS, na hizo hazihitaji busole. Lakini katikati ya pembe moja na nyingine kuna msitu, na mara nyingi mtu anatembea kwa kufuata upande anaosoma kwenye simu, panga mkononi, akikata mstari. Akikosea nyuzi kumi, mwisho wa mita 922 yuko kama mita 160 nje ya mstari. Mita 160 zinatosha kumeza machimbo mazima ya wachimbaji wadogo, au kuyatoa nje. Wakati kampuni na wachimbaji wanagombana kuhusu nani yuko ndani ya mpaka wa nani, swali la kama busole ya aliyekata mstari ilikuwa imefungwa kwenye mkanda wenye sumaku lingeonekana kama mzaha. Si mzaha.

Ni vivyo hivyo kwa mipaka ya mashamba na ya misitu ya jamii, ile ambayo vijiji vinaweza kuomba tangu amri ya Agosti 2014. Wazee wanaonyesha kijito na mti mkubwa, vijana wanaandika nyuzi kutoka kwenye simu. Wazee wakifariki, kinachobaki ni namba. Namba hizo zikiwa zimechukuliwa kando ya jipu la shirika, watoto watarithi kesi.

Wengine watataka kuitupia lawama dunia yenyewe, kwa kuwa kaskazini ya sumaku si ile ya ramani. Ni kweli kwamba hazilingani, na katika sehemu nyingine za dunia tofauti inafika nyuzi ishirini na zaidi. Kusini mwa Maniema tofauti hiyo ni ndogo, haifiki hata nyuzi tatu. Busole inayokosea kwa nyuzi ishirini Kasongo imekosewa na kitu kilicho karibu nayo.

Na mtu atajuaje kama kusawazisha kumefanikiwa? Kwa kulinganisha na kitu ambacho hakina sumaku. Nyota ya kaskazini haisaidii, kwa maana Kasongo iko kusini mwa ikweta na nyota hiyo haionekani. Jua linasaidia. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba linachomoza mashariki kamili, nyuzi 90. Waislamu wa Kasongo, mji ambao uislamu wake una mizizi tangu enzi za Tippu Tip, wana kipimo kingine kizuri zaidi. Tarehe 28 Mei na 16 Julai hivi, jua linakuwa juu kabisa ya Makka. Kwa saa ya Kasongo ni saa 5 na dakika 18 asubuhi mwezi wa Mei, na saa 5 na dakika 27 mwezi wa Julai. Dakika hiyo, kijiti kilichosimama wima kinatupa kivuli, na mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye kijiti unaelekea kibla. Kutoka Kasongo kibla ni nyuzi 26 hivi kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Simu iliyosawazishwa, ikielekezwa kwenye mstari huo, isome karibu na 26. Ikisoma 50, si jua lililokosea. Fundi anayepanga ukuta wa msikiti kwa simu iliyolazwa juu ya fito za chuma za betoni angefanya vizuri kusubiri siku hiyo.

Mto huu wenyewe una kumbukumbu ya mtu aliyeamini kipimo kimoja. David Livingstone alikaa miezi mingi mgonjwa huko Kabambare kati ya 1870 na 1871, kisha akafika Nyangwe, upande wa Kasongo. Aliona Lualaba ikielekea kaskazini, na busole yake ilikuwa sahihi: inaelekea kaskazini. Akaendelea kuwa na tumaini kwamba ni Nile. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe, akapima urefu wa mahali juu ya bahari, akakuta mto uko chini kuliko Nile ya Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Mwaka 1876 Stanley akaondoka Nyangwe na kuufuata mto, akatokea Boma, kwenye mlango wa Kongo, mwaka uliofuata. Upande mmoja uliosomwa vizuri haukutosha. Ilibidi mtu apime kitu cha pili.

Sasa nani afanye nini? Kwenye bandari, kamisera wa mto na wenzake wanauliza karatasi nyingi kabla boti haijaondoka. Hakuna ubaya wakiuliza na hili: chombo chako cha njia kiko wapi, na umezungusha baada ya kupakia? Swali hilo halihitaji tozo mpya, na lisizae tozo mpya. Maniema ina za kutosha. Vyama vya wenye boti vinaweza kulifanya bila kusubiri mtu wa serikali. Régie des Voies Fluviales, ambayo kazi yake ni pamoja na kuweka alama kwenye njia za maji, ingeweza kuchagua mahali pamoja karibu na kila bandari kubwa, ikapaka alama mbili kwenye mawe au miti, na kuandika nyuzi kati yake. Nahodha anapita hapo, anaelekeza pua kwenye mstari, anasoma busole, anajua. Gharama yake ni kopo la rangi na siku moja ya mtu mwenye kipimo kizuri.

Mashirika yanayotuma magari Kabambare yanawapa wafanyakazi wao mafunzo ya usalama ya nusu siku. Dakika kumi za kushuka kwenye jipu na kuzungusha tableti zitoshe humo. Na kwa watu wa ardhi na wa madini, jambo liandikwe kwenye PV: chombo gani kilitumika, kilisawazishwa wapi na saa ngapi, na kililinganishwa na kitu gani. Mkulima au mchimbaji anayeitwa kutia sahihi PV ana haki ya kuuliza mistari hiyo iko wapi, na kukataa kutia sahihi mpaka iwepo.

Wenye boti watasema kipaza sauti lazima kikae mbele, kwa kuwa muziki ndio unaoita abiria kutoka ng'ambo. Wakati wa kupakia, sawa. Boti ikishaondoka, kihamie nyuma karibu na injini kabla ya kuzunguka duara zile mbili. Abiria watausikia muziki vilevile.